Shujaa wa Pembeni: Tafakuri Kutoka Mpakani

Mwanafunzi yeyote aliyepitia darasa la fasihi simulizi anazijua sifa za shujaa kama anavyolijua jina lake. Shujaa huzaliwa kwa namna isiyo ya kawaida. Huwa na nguvu zinazowashinda wenzake, na katika nguvu hizo hufichwa siri moja ambayo ndiyo mlango wa mauti yake. Husalitiwa na mtu wa karibu, kisha hufa, na kifo chake huwaachia walio hai huzuni na fahari kwa pamoja. Fumo Liyongo alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Luanda Magere wa Waluo alichomwa kivulini, mkewe akiwa ndiye aliyeitoa siri. Tumezikariri sifa hizi, tumezijibia mitihani, na wengine wetu sasa tunawafundisha wadogo zetu kuzijibia mitihani vilevile.

Lakini neno halifungwi kamba. Timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba kila upande inaitwa Shujaa, na kwa kuitwa hivyo neno letu limetoka ukumbi wa mihadhara likaingia uwanjani bila kutuomba ruhusa. Linatamkwa na watu ambao hawajawahi kusikia habari za Liyongo, nao wanalitumia wakiwa na maana kamili vichwani mwao. Swali ninalotaka kulijadili katika kurasa hizi ni hili: wanapolitamka, wanamaanisha shujaa yule wetu, au wamemzaa mwingine? Nitalijadili kwa kumtazama mchezaji mmoja anayecheza pembeni, yaani winga, na sitaficha kwamba nina sababu ya nyumbani ya kumtazama huyo na si mwingine.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo machache yatafaa. Raga ina sheria moja ambayo mwanafasihi hapaswi kuipita bila kusimama: mpira haurushwi mbele kwa mkono. Ili timu isonge mbele, kila mchezaji hana budi kumpa yule aliye nyuma yake. Mpira huanzia katikati, kwenye skramu, ambako wanaume wenye shingo nene husukumana kama mafahali zizini. Ukitoka hapo hupita mkono hadi mkono, kila mara ukirudi nyuma kidogo, hadi umfikie mtu wa mwisho aliyesimama karibu na mstari wa pembeni. Huyo ndiye winga. Kwenye raga ya wachezaji kumi na watano huvaa jezi nambari 11 au 14. Kazi yake kubwa ni kungoja. Anaweza kungoja nusu saa nzima bila kuugusa mpira, mvua ikimnyeshea, kisha ukamfikia akiwa na nafasi ya hatua tatu tu kati ya mstari na mtu anayekuja kumwangusha. Katika hatua hizo tatu huamuliwa iwapo jasho la wote waliotangulia lilikuwa na faida.

Akifaulu kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, amefunga trai. Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa kuwa hili ni jarida la lugha. Neno hili tumelitohoa kutoka Kiingereza tukaiacha historia yake njiani. Hapo kale kuuweka mpira chini hakukuwa na pointi yoyote; kulimpa mtu haki ya kujaribu tu, yaani kujaribu kuupiga mpira upite juu ya mwamba wa goli. Trai lilikuwa jaribio kwa maana yake halisi. Baadaye jaribio likapewa pointi, pointi zikaongezwa, hata leo trai ina thamani ya pointi tano na ule mkwaju unaofuata una mbili tu. Sijui lugha nyingine ambamo neno la kujaribu limekuwa neno la kufaulu. Nalo neno winga lina safari yake: kule Kariakoo, Dar es Salaam, winga siku hizi ni kijana asiye na duka ambaye huwakamata wateja barabarani na kuwapeleka katika duka la mwingine ili apate chake kidogo. Yeye pia hukaa pembeni akingoja, na yeye pia huishi kwa wepesi wa miguu. Wenzetu wa isimu jamii wana kazi hapo.

Turudi kwa mchezaji. Collins Injera aliingia katika mfululizo wa mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba mwaka 2006 akiwa kijana wa miaka 20. Klabu yake ilikuwa Mwamba ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Wakenya Waafrika wakati mchezo huu ulipokuwa bado unanuka uzungu, na jina lake la Kiswahili lilikuwa tangazo tosha. Kakake Humphrey Kayange alikuwa tayari katika timu ya taifa, na mdogo wao Michael Agevi naye alikuja kuivalia jezi. Ndugu watatu, majina matatu tofauti ya ukoo, jambo lililowatatiza sana watangazaji wa Ulaya ingawa kwetu halimshangazi mtu.

Katika msimu wa 2008 hadi 2009 Injera alifunga trai 42, na hapakuwa na mchezaji mwingine duniani aliyemfikia msimu huo. Mwaka huohuo wa 2009 Kenya ilifika fainali mjini Adelaide ikashindwa na Afrika Kusini, na katika Kombe la Dunia mjini Dubai ikaing'oa Fiji katika robo fainali kabla ya kuzimwa na Argentina. Mwaka 2013 ilifika fainali tena mjini Wellington, ikashindwa na Uingereza katika muda wa nyongeza. Nazitaja fainali hizi za kushindwa kwa makusudi. Vitabu vya michezo huzipita upesi, ila mtu aliyezicheza hakuzipita upesi. Ni miaka kumi ya kukimbia na kurudi nyumbani bila kombe.

Kisha ikaja tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore. Kenya, ikifunzwa na marehemu Benjamin Ayimba, iliikuta Fiji katika fainali. Fiji hiyo ndiyo iliyokwenda Rio miezi michache baadaye ikarudi na dhahabu ya Olimpiki. Siku ile ilifungwa 30 kwa 7, na trai mbili kati ya hizo zilikuwa za Injera. Mwezi uliofuata, jijini London, akaivuka rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina aliyekuwa na trai 230, akawa mfungaji bora wa trai katika historia yote ya mashindano hayo. Mkenya, mwana wa nchi ambayo watu wengi duniani huijua kwa mbio ndefu tu, akawa wa kwanza duniani katika mbio za mita hamsini zenye watu wa kumwangusha njiani.

Rekodi hiyo hakukaa nayo muda mrefu. Mwaka 2017 Dan Norton wa Uingereza alimpita, na alipostaafu Norton alikuwa amefikisha 358. Injera aliendelea kufunga hadi akafikisha 279. Hapakuwa na sindano wala kivuli kilichochomwa. Mtu mwingine alihesabiwa trai nyingi zaidi, basi.

Sababu ya nyumbani niliyoitaja ni mdogo wangu. Sisi ni wakaazi wa Alupe, kando ya barabara iendayo Malaba kutoka Busia. Baba amefanya kazi ya uwakala wa forodha Malaba tangu sijazaliwa. Anajua uzito wa lori kwa kulitazama magurudumu. Mama huuza dagaa na nafaka sokoni Busia, na hakuna wiki ambayo hajavuka kwenda upande wa Uganda kutafuta bei. Mimi ndimi wa kwanza katika ukoo kufika shahada ya uzamili, na chuo kilichopata hati yake mwaka 2022 kiko mwendo wa dakika kumi kutoka lango letu. Mdogo wangu alikuwa katika mwaka wa pili wa stashahada ya umeme. Tangu kidato cha pili amekuwa akicheza winga, na mwezi wa Agosti 2025 klabu moja ya Kakamega ilimwita akafanye nayo mazoezi kwa msimu mzima. Hapakuwa na mshahara wa kutajika, ila nauli, chakula na bima ya matibabu akiumia. Akataka kuyaahirisha masomo.

Baba aliniita faraghani. "Wewe ndiwe msomi," aliniambia. "Kaa na mdogo wako umwonyeshe kwamba mbio hazijengi nyumba." Nilimwomba anipe wiki mbili. Sikutaka kwenda mbele ya mdogo wangu na methali. Kijana wa miaka ishirini na mmoja ana kinga madhubuti dhidi ya methali. Nilitaka kujua maisha ya winga huwaje tangu mwanzo hadi mwisho, nikayatafuta kama ninavyotafuta data ya tasnifu. Ndivyo nilivyofika Wales, mahali ambapo sikutarajia kamwe kufikishwa na masomo ya Kiswahili.

Billy Boston alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa bandari wa Tiger Bay, mjini Cardiff. Babake alikuwa baharia kutoka Sierra Leone, mamake mwenyeji wa Cardiff mwenye asili ya Kiayalandi. Ndoto yake ilikuwa ya kila mtoto wa Wales: kuichezea klabu ya Cardiff, kisha taifa. Alikuwa na mbio na alikuwa na nguvu, lakini mwaliko wa Cardiff haukuja, na katika miaka ile mtoto mweusi wa Tiger Bay hakuhitaji kuambiwa sababu. Waliomjia walikuwa watu wa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, ambako huchezwa raga ya aina nyingine, raga ya ligi.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, nami naomba subira ya msomaji. Mwaka 1895, katika mkutano uliofanyika Huddersfield, vilabu vya kaskazini vilijitenga na chama kikuu cha raga. Kisa kilikuwa ujira. Wachezaji wa huko walikuwa wachimbaji wa makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wakicheza Jumamosi walikosa mshahara wa siku hiyo, na vilabu vyao vilitaka kuwafidia. Mabwana wa kusini, ambao hawakuwa na mshahara wa kukosa, wakasema kwamba mchezo ni wa kupendwa na si wa kulipwa. Raga ikagawanyika mara mbili: upande mmoja wachezaji kumi na watano wasiolipwa, upande mwingine wachezaji, hatimaye kumi na watatu, wanaolipwa. Aliyevuka kwenda kulipwa alipigwa marufuku maisha. Hakuruhusiwa kurudi kucheza. Aliitwa msaliti na watu waliokuwa wakimshangilia wiki iliyotangulia. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1995 raga ya kumi na watano ilipokubali malipo: miaka mia moja kamili.

Basi inasimuliwa kwamba mawakala wa Wigan walipofika kwa kina Boston mwaka 1953 na bunda la noti, mama mtu alitaka waondoke zao bila kuwatukana. Akataja pauni 3,000, kiasi ambacho mtu mwenye akili timamu asingekubali kumlipa kijana wa miaka kumi na minane. Wakakubali. Mlango wa Wales ukafungwa nyuma ya mwanawe saa ileile. Habari za mkataba huo ziliwekwa siri kwanza, kama habari za mtu aliyetoroka.

Alipoanza kucheza Wigan hakukawia. Mwaka 1954, baada ya mechi sita tu katika kikosi cha kwanza, alichaguliwa kusafiri na timu ya Uingereza kwenda Australia na New Zealand, mchezaji wa kwanza asiye mzungu katika ziara hizo, akafunga trai 36 katika mechi 18. Mwaka 1957, timu hiyo ilipokuwa ikirejea kutoka Kombe la Dunia, ilipitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho, na Boston hakwenda. Sheria za ubaguzi za huko hazikuwa na nafasi ya mtu wa rangi yake. Wenzake wakashuka huko, yeye akarudi nyumbani. Kwa Wigan alifunga trai 478 katika mechi 488. Jumla ya maisha yake ni trai 571, na ni Brian Bevan wa Australia peke yake, mwenye 796, aliyempita. Alipoacha kucheza aliendesha baa karibu na uwanja uleule aliouchezea. Sanamu yake ilisimamishwa Wigan, nyingine katika uwanja wa Wembley, na mwaka 2023, miaka 70 baada ya kufungiwa mlango, Cardiff nayo ikamsimamishia yake, pamoja na Clive Sullivan na Gus Risman, wana wengine wa mji huo waliovuka. Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 90, akapewa cheo cha Sir, wa kwanza kukipata kutoka raga ya ligi.

Niliposoma habari hizi, kilichonishangaza zaidi kilikuwa lile neno msaliti. Mimi nimezaliwa mpakani. Kwetu kuvuka ni sehemu ya asubuhi. Waiteso wako pande zote mbili, na mzaha wa zamani ni kwamba mtu anaweza kupika Kenya akala Uganda. Hata neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, limezaliwa hapa petu: vijana wa baiskeli miaka ya sitini waliowavusha abiria na mizigo ule mwendo kati ya kituo cha upande mmoja na kituo cha upande wa pili walikuwa wakiita "boda, boda", na sauti yao ikawa jina la kazi. Mamangu akivuka kwenda kuuza anakopata faida, hakuna anayemwita msaliti wa Kenya. Iweje basi mtoto wa baharia aliyevuka kwenda alikoitwa na kulipwa aitwe msaliti wa Wales? Usaliti, nadhani, ulikuwa umeshatendwa kabla hajavuka, na haukutendwa naye.

Hapo nikaona kwamba kisakale chetu kinaweza kusomwa upya. Siku zote tunauliza: nani aliyemsaliti shujaa? Tunamtafuta mke, mwana, rafiki. Katika maisha ya winga msaliti hana uso. Ni barua ya mwaliko isiyokuja, au malipo yasiyofika. Mwezi Juni 2018, mjini Paris, wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani wakiwa wamelifunika jina la mdhamini kwenye jezi zao kwa sababu ya malalamiko ya fedha. Picha ile ilinikaa kuliko ya Singapore. Vijana waliobeba jina la ushujaa mbele ya dunia, na juu ya vifua vyao kiraka.

Wapo Wakenya waliovuka kwa namna zao. Daniel Adongo aliiacha raga mwaka 2013 akajiunga na Indianapolis Colts, timu ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ambao hakuwahi kuucheza. Dennis Ombachi alianzia kwenye soka kabla ya kuhamia raga, na trai yake ya dakika za mwisho dhidi ya Zimbabwe mjini Johannesburg, Novemba 2015, ndiyo iliyoipeleka Kenya Olimpiki ya Rio. Leo watu wengi humjua kwa video zake za mapishi, na amezungumza waziwazi kuhusu maradhi ya akili aliyopambana nayo. Humphrey Kayange, kakake Injera, alikuwa mwanakemia aliyesoma huku akicheza, na mwaka 2021 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kikao kilifanyika Jumapili jioni, baada ya mama kurudi kanisani na baba kupata chai yake. Niliwaeleza haya yote, bila shaka kwa maneno machache kuliko hapa. Baba alisikiliza hadi mwisho, akauliza pauni 3,000 za mwaka 1953 ni shilingi ngapi za leo. Swali la wakala wa forodha hilo, nami sikuwa na hesabu yake. Mdogo wangu alikuwa ameinama akivuta uzi wa zulia. Aliyezungumza ni mama.

"Wakimaliza kukimbia," aliuliza, "huwa wanafanya nini?"

"Yule wa Wales aliuza pombe, Mama. Mmoja wetu anapika. Mwingine ni mtu wa kemia."

"Huyo wa kemia alisoma lini?"

"Akicheza."

"Basi inawezekana," mama alisema, na akamgeukia mumewe. "Baba Dada, mtoto asome akicheza. Mimi nikivuka Uganda huwa nafunga duka?"

Mdogo wangu akainua uso. "Dada, na yule Injera alipopitwa rekodi, aliacha?"

Nilimjibu kwamba hapana, alifunga trai nyingine kadhaa ambazo hazikumrudishia rekodi. Akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, na sikuelewa amepata nini. Baba alichukua siku tatu kabla ya kukubali. Masharti yake yalikuwa kama fomu ya forodha: masomo yasiahirishwe hata muhula mmoja, mazoezi yawe Ijumaa na Jumamosi, na mfupa ukivunjika mjadala ufunguliwe upya.

Mhadhiri anayenisimamia, ambaye nilimpelekea wazo la kuliandikia jambo hili tasnifu, hakulikataa wala hakulipokea. Hoja yake ni nzito nami naiheshimu. Alisema kwamba shujaa wa fasihi ni shujaa kwa sababu jamii ilimhitaji ili ijieleze yenyewe, na kwamba mchezaji anahitajiwa kwa dakika kumi na nne tu, kisha watu hurudi makwao. "Zaidi ya hayo," aliongeza, "shujaa wako hafi. Utayamalizaje masimulizi yake?" Nilimjibu kwamba pengine hilo ndilo linalomtofautisha. Liyongo hahitaji kuulizwa afanye nini akiwa na umri wa miaka arobaini. Winga huulizwa. Anapofikisha miaka thelathini na mitatu miguu yake huanza kumkana hadharani, na tangu hapo hana budi kuishi mbele ya watu walewale waliomwita shujaa, akinunua mkate katika duka moja nao. Kisakale hakina sura ya kumweka mtu huyo. Riwaya inayo, ikiwa tutaiandika. Kufikia sasa maisha ya akina Injera yamesimuliwa kwa Kiingereza kwa kiasi kikubwa, na gazeti letu la Kiswahili likijikaza peke yake kila Jumatatu kutafuta maneno.

Jibu la pili sikuwahi kumpa, kwa hiyo naliandika hapa. Liyongo alikuwa na upinde wake, hakuhitaji mtu wa kumpa mshale. Winga hana chake. Zile trai 279 kila moja ilianzia mkononi mwa mwingine, mara nyingi mtu ambaye jina lake halikutangazwa, aliyeangushwa sekunde moja baada ya kuuachilia mpira na ambaye hakuiona trai kwa kuwa uso wake ulikuwa umezikwa nyasini. Tukimwita winga shujaa, hatuna budi kuuliza ushujaa huo ni wa nani na unagawanywaje. Sidhani swali hili limeulizwa vya kutosha hata kuhusu mashujaa wa zamani. Nani aliyempelekea Liyongo mkate uliofichwa tupa, tukamsahau? Kijakazi wake Saada, naam, tunamtaja. Tunamtaja kwa mstari mmoja katika mtihani.

Mechi ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa ya kikosi cha pili, huko Kakamega, Jumamosi yenye mawingu. Baba alikuwa na malori. Mimi na mama tulipanda matatu asubuhi tukipitia Mumias, mama akiwa amevaa kitenge chake cha harusini, kana kwamba tulikuwa tunakwenda kupeleka posa. Hakuwa amewahi kuitazama raga. Kila skramu ilipoinama alishika mkono wangu, na mara moja alitaka kuingia uwanjani kumsaidia mtoto wa mtu aliyelala chini. Mdogo wetu alisimama upande wa mbali na tulipoketi, karibu na mstari, mikono kiunoni, akipiga hatua mbele na nyuma kuufuata mchezo. Katika kipindi chote cha kwanza mpira ulimfikia mara mbili. Mara ya kwanza alisukumwa nje. Mara ya pili ulimponyoka.

"Mbona hawampi?" mama aliuliza. Nilimweleza kuhusu winga, kwamba kazi yake ni kungoja hadi mpira utoke katikati. Alifikiri kidogo, akitazama vijana wakinywa maji, kisha akasema kwamba hata Malaba foleni ya malori huwa hivyo. Akamwita mwuza mahindi ya kuchoma, akanunua mawili, akanipa moja, na akahamisha kiti chetu cha plastiki hadi upande wa pili wa uwanja, kwa kuwa timu zilikuwa zinabadilishana magoli na alitaka kuwa karibu na kona ile ambayo mtoto wake angesimama.